Nani Yuko Juu Yenu?

Kilole imeupa mto kisogo. Anayepita Korogwe kwa basi la Moshi au Arusha anaukumbuka mji wetu kwa machungwa yaliyopangwa kwenye sinia, kwa mafundi wa pancha, kwa vijana wanaolikimbilia dirisha la basi kabla gurudumu halijatulia. Kila kibanda kinatazama lami. Mto wenyewe, ambao vitabu vya shule vinauita Pangani na wazee wetu wanauita Ruvu, uko bondeni, kule watu wanakovukia kwenda upande wa Handeni. Mtoto wa Kilole anaweza kukua hadi akaota ndevu bila kujua kama leo umejaa au umepungua. Mimi nilikua hivyo. Nilijua saa ya kila basi, jina la kila dereva, na honi ipi ni ya nani.

Ushuhuda huu ni wa mtu wa barabara aliyegeuzwa na maji. Na maji yaliyonigeuza hayakuwa ya Ruvu. Yalikuwa ya Ziwa Turkana, kaskazini kabisa mwa Kenya, jangwani, mahali ambapo madereva wenzangu wakipangiwa safari walikuwa wanaugua ghafla.

Dereva wa masafa hupima dunia kwa lami. Ukiniuliza enzi hizo Moshi iko wapi, ningekujibu kwa saa. Dar es Salaam ningekujibu kwa mizani na vituo vya askari. Milima niliijua kwa gea: ule wa kupanda na namba mbili, huu wa kushuka kwa breki ya injini. Mito niliijua kwa madaraja, tena yale mabovu tu, maana daraja zima halikumbukwi. Palipoishia lami ndipo kwangu palipoishia nchi, na kilichobaki mbele nilikiita pori.

Kazi niliipata Mombasa, kwa tajiri mmoja mwenye malori. Kutoka kwetu si safari ya kuagana kwa machozi: unashuka Tanga, unavuka Horohoro na Lungalunga, jioni unakula viazi karai. Ila mzigo wake mwingi ulikuwa wa Lodwar na Kakuma, chakula cha wakimbizi na cha shule. Hadi Kitale unapita mahindi na baridi. Ukishaiacha Kapenguria nchi inaporomoka kupitia Marich, hewa inabadilika, na utingo anaanza kuvua fulana. Miaka ile, kabla barabara haijajengwa upya, lami ya kwenda Lodwar ilikuwa imebaki mapande, tukaona heri kuendesha pembeni vumbini kuliko juu ya lami yenyewe. Kati ya Kainuk na Lokichar tulikwenda kwa msafara, askari mbele, askari nyuma, kwa hofu ya majambazi.

Huko ndiko nilikokutana kwanza na mito ya mchanga. Unaona ukanda mpana wa mchanga mweupe umekatiza barabara, mbuzi wamelala katikati, wanawake wamechimba mashimo ya kuchotea maji ya kunywa. Mbingu haina hata wingu. Halafu mtu mmoja ananyanyua kichwa, anasikiliza, anafukuza mbuzi. Muda si muda maji mekundu yanateremka na magogo na mizoga, kwa sababu mvua imenyesha milimani, mbali, mahali usipopaona. Nimeona lori la saruji likibebwa hivyo. Mwenyewe alikuwa amelipaki mtoni ili apate kivuli cha migunga. Turkwel, mto mkubwa wa Lodwar, unatoka Mlima Elgon, mpakani mwa Uganda, na tangu 1991 umezibwa njiani na bwawa la umeme. Kerio unatoka kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa. Yote miwili inaelekea ziwani, na kuna miezi mingi haifiki.

Mwaka 2016 gari likanifia Kalokol, kilomita kama 60 kutoka Lodwar, karibu kabisa na ziwa. Gea boksi. Tajiri akasema spea inakuja. Haikuja. Utingo wangu alipanda gari la mkaa akarudi kwao Voi, na mimi nikabaki kulinda chuma cha watu kwa wiki nyingi, pesa ya chakula ikiwa imekwisha. Nikaishi na wavuvi. Walinipa kazi ya kupasua samaki na kuwaanika, kwa malipo ya samaki.

Kalokol ni mji wa kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Pana kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kilichojengwa kwa msaada wa Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi muda mfupi tu. Kugandisha samaki mahali penye joto lile kulikula umeme na mafuta kuliko bei ya samaki wenyewe, na ghuba iliyokuwa ikiwaleta samaki, Ferguson's Gulf, ikakauka katikati ya muongo uleule. Wavuvi wao walikuwa na teknolojia yao: jua. Sangara na sato wanapasuliwa, wanatiwa chumvi, wanakuwa ng'onda, wanafungwa mabunda, na lori linawapeleka Kitale, Busia, hata Kongo. Nilipasua samaki hadi vidole vikanioza kwa chumvi, na kila jioni niliketi ufukweni na mzee mmoja Mturkana aliyekuwa na mtumbwi wa mbao na magogo ya mikoma aliyoyafunga pamoja. Mtumbwi aliukodisha kwa wajukuu. Magogo ndiyo aliyoyaamini.

Alinifundisha ziwa kama mtu anavyomfundisha mgeni nyumba. Upepo mkali unatoka kusini-mashariki, upande wa Mlima Kulal. Huvuma usiku kucha hadi asubuhi, na asiyejua saa zake hazikwi, maana mwili hauonekani. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na katikati yake visiwa vitatu vyote ni vilele vya volkano: cha Kaskazini, cha Kati na cha Kusini. Kile cha Kusini wazee wanakisimulia kwa tahadhari. Mwaka 1934 msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs uliwaacha pale wanasayansi wawili wachunguze kisiwa. Moto wao ulionekana usiku kutoka ufukweni, baadaye haukuonekana, na hadi leo hawajapatikana. Cha Kati nilikwenda mwenyewe, nikiwasindikiza wavuvi waliokuwa wakipeleka wageni. Ni mlima mweusi wenye maziwa matatu ndani yake, kila moja kwenye shimo lake la volkano: moja la mamba, moja la flamingo, moja la sato. Mamba wa Turkana ni wengi mno, na kisiwa kile ni mahali pao pa kutagia. Nilisimama juu ya ukingo nikitazama ziwa lililo ndani ya kisiwa kilicho ndani ya ziwa lililo ndani ya jangwa, na sikuweza kusema nimefika mwisho wa nini.

Maji yake ni ya kijani na yana chumvi kidogo. Yananyweka kama huna mengine, na watu wengi hawana mengine; meno ya watoto yanakuwa na rangi ya kahawia kwa ajili ya madini yaliyomo. Chumvi hiyo ina sababu moja: ziwa halina pa kutokea. Maelfu ya miaka iliyopita lilikuwa limejaa hadi likamwagikia upande wa Nile, ndiyo maana samaki wake ni jamaa za samaki wa Nile. Siku hizi maji yanaingia tu, na njia pekee ya kutoka ni jua. Kila mwaka jua linakunywa zaidi ya mita mbili za kimo cha ziwa lote. Kinachorudisha kimo hicho ni mto mmoja, Omo, unaotoka nyanda za juu za Ethiopia na kuleta takriban asilimia 90 ya maji yote. Turkwel na Kerio ni wasindikizaji.

Sasa mwaka ule niliokaa Kalokol, maji yalikuwa yanakimbia. Mzee alinionyesha alama: hapa mwaka juzi nilikuwa nafunga mtumbwi. Pale aliposimama palikuwa pakavu, pana nyayo za punda, na maji yalikuwa mbali kiasi cha kutoka Kilole hadi stendi. Kule juu Ethiopia walikuwa wameziba Omo kwa bwawa la Gibe III, ukuta wa mita 243, umeme wa megawati 1,870. Kulijaza walianza 2015, likazinduliwa rasmi Desemba 2016, na kati ya mwanzo wa 2015 na mwanzo wa 2017 ziwa lilishuka kwa karibu mita moja na nusu. Mita moja na nusu kwa ziwa lenye kina si kitu. Kwa Ferguson's Gulf, ambako ufukwe ni tambarare na ndiko samaki wanakozaliana, ilikuwa na maana kwamba maji yalirudi nyuma zaidi ya kilomita moja. Mwaka 2018 hifadhi za ziwa hilo, zilizokuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1997, ziliingizwa kwenye orodha ya zile zilizo hatarini.

Jioni moja mzee akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha huko, "Kwenu uko na mto?"

Nikamwambia upo, mkubwa.

"Nani yuko juu yenu?"

Sikuelewa. Akachora mchangani kwa fimbo: mstari, halafu nukta. "Hapa ni wewe. Hapa juu ni nani?"

Nilikaa kimya kwa aibu ya kawaida ya mtu mzima anayeulizwa habari za nyumbani kwake. Kisha nikajaribu. Nikasema juu yetu wako watu wa Moshi na Arusha, wana migomba, wana mpunga, wana kahawa. Kuna bwawa, linaitwa Nyumba ya Mungu. Akauliza wakifungua bwawa huwa tunaambiwa? Nikasema sijui. Akauliza na chini yetu? Nikasema Hale, kuna mitambo ya umeme, halafu Pangani, halafu bahari.

"Basi nyinyi mko katikati," akasema. "Juu yenu kuna mtu, chini yenu kuna mtu. Sisi tuko mwisho. Chini yetu hakuna mtu wa kumsumbua."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayejua kiti chake kiko wapi mezani. Lakini swali lake lilinikalia, na niliporudi barabarani (spea ilikuja, mwishowe, na ilikuwa ya gari jingine, tukaichonga) nilianza kuona nchi kwa namna nyingine. Daraja likawa swali: huyu anatoka wapi, anakwenda kwa nani. Nilianza kuuliza watu, na watu wa kwenye madaraja wana majibu kuliko nilivyodhani.

Ndipo nikaanza pia kuulizia habari za zamani, na hapa pana jambo ambalo bado linanishangaza. Kilole yuko jirani yangu, mwalimu mstaafu, mwenye sanduku la vitabu ambalo mkewe amelitishia moto tangu ndoa yao ikiwa changa. Nilipomsimulia ziwa, akatoa kitabu cha Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la maji la Austria, aliyefuatana na kabaila Sámuel Teleki wa Hungaria. Hao ndio Wazungu wa kwanza kulifikia Ziwa Turkana, Machi 1888, wakalibandika jina la mrithi wa ufalme wao, Rudolf. Jina hilo lilidumu hadi 1975. Sasa msafara huo ulianzia wapi? Si Mombasa, si Nairobi, ambayo haikuwapo. Ulianzia Pangani, mwanzoni mwa 1887, na ukapanda bonde la mto wetu hadi Taveta, ndipo ukazunguka Kilimanjaro na kuelekea kaskazini. Njia za Umasaini walikuwa wanazijua watu wa huku: mmoja wa waliowaongoza alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Na habari za kuwako ziwa kubwa kule mbele Höhnel na Teleki walizikuta kwa watu wa njiani, hawakuzibuni. Mamia ya wapagazi wa Unguja na wa mrima walibeba vitambaa, shanga na risasi kwa vichwa vyao kupita bonde hili, na wengi hawakurudi. Njaa iliwaua, kiu iliwaua. Walipofika ufukweni waliyakimbilia maji, wakayaonja, wakayakuta yana magadi.

Kwa hiyo lile ziwa ambalo kwa madereva wa leo ni mwisho wa dunia, kwa mtu wa Pangani wa 1887 lilikuwa mwisho wa njia inayoanzia mlangoni kwake. Umbali wake haukuwa kwenye ardhi. Reli iliyofika Korogwe 1902 ilichukua njia ya watu na kuipeleka Tanga na Moshi, mpaka ukachorwa, barabara zikafuata miji mipya, na kaskazini ile ikabaki kando, hata ikaonekana iliumbwa kando.

Kakuma nako nilipata jambo la namna hiyohiyo. Karani mmoja wa ghala, aliposikia mimi ni wa Korogwe na bibi yangu ni Mzigua wa upande wa Handeni, aliniambia hapa palikuwa na watu wa lugha yenu. Nilidhani ananitania. Hakuwa. Wazigua waliouzwa utumwani karne ya 19 walipelekwa hadi kusini mwa Somalia, wakatoroka, wakalima kando ya Mto Juba, na wajukuu zao wengi hawakuiacha lugha. Vita vya 1991 vikawatawanya. Baadhi walirudi huku kwetu, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na hatimaye uraia. Wengine walikaa kambi za Dadaab, na 2002 maelfu wakahamishiwa Kakuma kusubiri kwenda Marekani. Leo wapo wanaoishi Lewiston, jimbo la Maine, nchi ya misitu, maziwa na mito inayoganda. Wazee wao walitoka mto mmoja wakaenda mto mwingine, na sasa wa tatu. Nikiwaza hivyo, naona aibu kuita mahali popote pembezoni.

Mwisho wa 2020 nilipelekwa tena Lodwar, wakati ule wa Korona, madereva tukipimwa pua kila mpaka. Nilishuka Kalokol nikitarajia kuona vumbi. Ziwa lilikuwa limerudi na kupita. Nyumba zilizokuwa mbali na maji zilikuwa ndani ya maji, minazi ya jangwani, yaani mikoma ile, imesimama hadi kiunoni. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha nyanda za juu, na maziwa yote ya Bonde la Ufa, Baringo, Naivasha na mengine, yalikuwa yamepanda. Serikali ya Kenya baadaye ilieleza kwamba Turkana peke yake liliongezeka eneo kwa takriban asilimia 10 katika muongo mmoja. Upande wa mashariki, karibu na Loiyangalani, kijiji cha Waelmolo, mojawapo ya makabila madogo kuliko yote Kenya, kilikatwa na maji, sehemu yake ikawa kisiwa, na makaburi ya wazee wao yakazama.

Watu wengine wakasema, mnaona, bwawa halina neno, ziwa limejaa. Nilimkuta mzee, amehamia juu zaidi, na nikamwuliza. Alisema kujaa ni kitu kimoja na gharika ya mwaka ni kitu kingine. Zamani Omo ulifura kwa msimu wake, maji ya tope yanakuja na chakula, samaki wanajua saa ya kutaga. Sasa anayepanga saa ni mtu mwenye funguo. Ziwa likipungua hawaulizwi, likijaa hawaulizwi. Wanasayansi wanasema jambo hilohilo kwa grafu. Mimi nilielewa kwa mzee, maana yeye alianza na samaki.

Nikarudi Kilole 2021, na safari za kaskazini nikaziacha. Mgongo ulikuwa umechoka, hilo nalo ni kweli. Lakini nilichofanya juma la kwanza, kabla ya kuwasalimia hata wenzangu wa stendi, ni kushuka mtoni.

Sasa ninaweza kukuambia nani yuko juu yetu. Maji ya Kikuletwa, yanayokusanya mito ya Meru na Kilimanjaro, na yale ya Ruvu ya juu, yanayotoka Ziwa Jipe mpakani na Kenya, yanakutana Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Chini ya bwawa ni kinamasi cha Kirua, ambacho zamani kilikuwa kikifurika kila masika na kulisha wavuvi na wafugaji, na tangu maji yapate mwenye funguo kimenywea. Halafu Mkomazi unaingia, halafu sisi, halafu Luengera kutoka Usambara. Chini yetu ni Hale, megawati 21 tangu 1964, na Pangani Falls mpya, megawati 68 tangu 1995. Mwishoni, mto ukidhoofika, bahari inapanda: pale Pangani maji ya chumvi yanaingia mtoni na kuua minazi ya watu ambao hawajawahi kuiona Moshi. Karibu kilomita 500 zote hizo, na bodi ya maji ya bonde zima, iliyoanzishwa 1991, iko Moshi, juu kabisa. Sisemi ni kosa. Nasema mzee wa Kalokol angelicheka.

Visiwa navyo tunavyo. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba watu wa zamani waliishi ndani ya mto, juu ya visiwa vya Ruvu, na usiku walivuta magogo ya kuvukia ili Wamasai wasiwafikie. Utotoni nilihesabu hilo kuwa hadithi za jioni. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita bonde hili waliviona vijiji hivyo na kuviandika, na Korogwe yenyewe ni kimojawapo. Mji wetu, huu wa mabasi, ulikuwa mji wa kisiwani. Nimemwonyesha mwanangu mahali ambapo mkono mmoja wa mto umekufa na kuacha shimo la matete, nikamwambia simama hapo, hapo palikuwa pana maji pande zote. Akapiga picha, akairusha kwenye kundi la shule. Walimu wawili wameniomba niwapeleke darasa.

Kazi yangu ya sasa haina mshahara wa kujisifia. Niko katika jumuiya ya watumia maji ya kwetu, na nimefundishwa kusoma mbao za kupimia kina. Asubuhi na jioni naandika namba kwenye daftari. Vijana wa bodaboda walinicheka mwanzoni, wakaniita bwana mkubwa wa mafuriko. Siku hizi masika ikikaza wananipigia simu wao, kabla ya kubeba abiria kuvuka. Wenye vitalu vya mboga kando ya mto wananiuliza pia, na mmoja wao, mama mkali, ananilaumu mimi binafsi maji yakipungua.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota Nyumba ya Mungu. Siku hiyohiyo alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia, upite Kenya, uje kuimarisha mikoa ya kaskazini. Nilikuwa kwa kinyozi, redio iko juu. Watu walishangilia, na sawa, giza limetutesa. Mimi nilikuwa nahesabu njia: Omo, ukuta wa Gibe, nyaya hadi Suswa, nyaya hadi kwetu. Kenya yenyewe ilianza kununua umeme huo Novemba 2022. Ukija hadi Kilole, nitakapowasha taa nitakuwa nimekaa juu ya yule mzee, mimi niliyemwambia niko katikati. Sina ushauri wa kumpa mtu kuhusu hilo. Taa nitawasha.

Ila kwenye mkutano wa jumuiya uliopita nilisimama nikapendekeza kwamba mkutano ujao waalikwe watu wawili kutoka Pangani mjini, mwenye minazi mmoja na mvuvi mmoja, waje waeleze chumvi imefika wapi, na sisi tuwape namba za daftari. Kukawa na mabishano. Mmoja akasema hao ni wilaya nyingine. Mwingine akasema tukianza na wa Pangani, kesho tutawaita na wa Moshi, nikamjibu ndiyo, kesho. Mwenyekiti amekubali, bajeti haina nauli, tunachangishana. Yangu nimeshatoa, yule mama wa mboga ametoa nusu, na anasema nusu nyingine atatoa akiwaona.